Kipande Kilicho Mbele ya Jeni

Ukisikia redioni kwamba watafiti "wamegundua jeni" ya muhogo inayozuia ugonjwa fulani, usidhani kuna mtu amekikuta kitu hicho mahali kimekaa kinasubiri kuokotwa. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ya kila siku ni kutoa DNA kwenye muhogo, kukata vipande vyake, kuviingiza ndani ya bakteria na kuangalia kama vinafanya kazi. Mara nyingi havifanyi. Jina langu hutajwa mwishoni kabisa mwa makala za kisayansi, kwenye shukrani, pamoja na dereva na mlinzi. Sina kinyongo na hilo. Nilichochoka nacho ni kuisikia kazi hii ikisimuliwa na watu ambao hawajawahi kushinda na kichupa kimoja tangu asubuhi, halafu jioni wakakimwaga.

Wageni wakitutembelea huja na mpiga picha. Mpiga picha akitazama vichupa vyetu anasikitika, kwa sababu DNA ikiyeyuka majini haina rangi, ni maji matupu. Anaomba tuweke kitu chenye rangi. Basi tunavuta kwa pipeti ile rangi ya bluu tunayotumia kwenye jeli, tunaiinua kwenye mwanga, anapiga picha, wanaondoka. Picha hiyo ndiyo unayoiona gazetini.

Taabu inaanzia kwenye jani. Jani la muhogo lina utomvu, lina wanga, lina ute, na lina zile kemikali zinazogeuka kahawia pindi jani linapopondwa. Vyote hivyo vinaing'ang'ania DNA. Tunachuma majani machanga ya kileleni, yale ambayo hata hayajafunguka vizuri, na tunachuma mapema, kwa kuwa jani lililoshinda juani limejaza wanga zaidi. Tunayasaga kwenye kinu kidogo cha kauri kwa nitrojeni ya kimiminika, tunamimina bafa ya CTAB iliyopashwa moto hadi nyuzi 65, tunatia klorofomu, tunazungusha kwenye sentrifuji. Hapo unavuta tabaka la juu kwa pipeti, polepole, bila kuugusa ule utando mweupe wa katikati. Ukiugusa, anza upya. Ukitia isopropanoli, DNA safi hujikusanya ikiwa nyuzinyuzi nyeupe. Ya muhogo mara nyingi hutoka kahawia, inavutika, haitaki kuyeyuka.

Halafu mashine ya kupima usafi inakudanganya. Uwiano wa kwanza unasoma 1.8, maana yake protini zimetoka, na mwanafunzi wa fildi anafurahi. Uwiano wa pili, ambao unatakiwa ukaribie 2, uko chini ya 1. Hizo ni sukari na kemikali zilizobaki. Ukiipeleka DNA hiyo kwenye PCR, yaani ile mbinu ya kuzidisha nakala za DNA kwa mashine, kimeng'enya kinagoma. Kesho yake unapiga picha jeli na kuona vile vipande vya kipimo tulivyoweka pembeni, na kando yake giza tupu. Mtu asiyejua atasema prima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoianzisha PCR, ni mbovu, ataagiza nyingine. Prima hazina kosa. Kosa lilikuwa kwenye jani tangu juzi.

Na hiyo ni DNA, ambayo ni mvumilivu. Ukitaka kujua kama jeni fulani imewaka kwenye mzizi lazima upime RNA ya mzizi, ile nakala ya muda ya jeni iliyowaka, na mzizi wa muhogo ni wanga. Ukiuponda ukaweka bafa ya moto, umepika uji; hakuna cha kuvuta kwa pipeti. Tunatumia bafa baridi, tunarudia kusafisha, na kila unaporudia unapoteza nusu ya ulichokuwa nacho. RNA nayo inaliwa na vimeng'enya vilivyomo kwenye mzizi wenyewe, kwenye vidole vyako, hata kwenye vumbi la meza. Mzizi unatakiwa ugandishwe palepale shambani. Kwa hiyo tunabeba dumu la nitrojeni hadi Mkuranga. Nitrojeni inachemka yenyewe njia nzima, ukiwa umekwama kwenye foleni ya Mbagala unausikia ule mvuke ukitoka chini ya mfuniko, na unajua kabisa kwamba saa ikiongezeka moja utafika na dumu tupu. Ikitokea hivyo, safari imekwisha, na mafuta ya gari hayarudi.

Sasa nieleze ninachokitafuta humo.

Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Karibu kila seli ya mmea inazo jeni zote: seli ya jani ina jeni za mzizi, ya mzizi ina jeni za jani. Kinachoamua jeni ipi ifanye kazi wapi, lini na kwa nguvu gani ni, kwa sehemu kubwa, kipande cha DNA kinachoitangulia, ambacho huitwa promota. Ni swichi yake. Jeni njema ukiifunga kwenye swichi isiyofaa itawaka usipotaka iwake, au haitawaka kabisa. Magazeti huandika habari za jeni. Sisi wa maabarani tunakesha na swichi.

Jeni yenyewe inasomeka. Maelekezo ya protini huanza kwa herufi tatu, ATG, na huishia kwenye mojawapo ya alama tatu za kusimama. Swichi haina uzio wa namna hiyo. Kwa mazoea tunachukua herufi 1,000 au 2,000 zinazoitangulia ATG na kusema promota ni hii. Ni makadirio. Baadhi ya sehemu zinazoiongoza jeni ziko mbali zaidi ya hapo, na nyingine zimo ndani ya jeni yenyewe. Ukiziingiza hizo herufi kwenye programu ya kompyuta, itakuonyesha alama tele: hii ya mwanga, hii ya ukame, hii ya jeraha. Alama nyingi kati ya hizo zina herufi chache tu, nne, tano, sita, na zitajitokeza kwa bahati nasibu kwenye DNA yoyote yenye urefu huo. Nimeshaona mabango ya kupendeza kwenye mikutano, yamejaa alama za rangi mbalimbali, na ukimuuliza mwenye bango kama amewahi kuiweka swichi hiyo kwenye mmea anakuambia hiyo ni awamu ya pili.

Waliotutangulia walipata shida kuliko sisi. Hawakuwa na jenomu, yaani DNA yote ya mmea iliyokwisha kusomwa. Walikuwa wakijua kipande kidogo cha jeni, kisha wanaikata DNA ya mmea kwa vimeng'enya, wanaunganisha vipande vya kutengeneza kwenye ncha, na kwa PCR mbili mfululizo wanarudi nyuma kutoka kwenye jeni, hatua kwa hatua, hadi waifikie swichi. Mwaka 2012 ilichapishwa rasimu ya kwanza ya jenomu ya muhogo, na mwaka 2016 ikaja iliyoboreshwa. Watu wakadhani basi, shida imekwisha: fungua kompyuta, nakili herufi, agiza prima.

Shida ni kwamba jenomu ile ni ya mmea uitwao AM560-2, wa kituo cha CIAT huko Kolombia, na ulichaguliwa kwa sababu ulikuwa umechavushwa kwa chavua yake wenyewe kwa vizazi kadhaa hadi nakala zake mbili za kromosomu zikakaribia kufanana. Muhogo wa mkulima hauko hivyo. Unapandwa kwa pingili, kizazi hadi kizazi, na kila mmea umebeba nakala mbili za kromosomu zake 18 ambazo zinatofautiana sana. Tofauti nyingi ziko pale ambapo hakuna maelekezo ya protini, pamoja na huko kwenye swichi.

Niliwahi kutoa promota ya jeni inayowaka mizizini, kutoka kwenye muhogo wa Kiroba. PCR ilitoa mchirizi mmoja safi kwenye jeli. Nikaiingiza kwenye plasmidi, kile kiduara cha DNA cha kubebea, plasmidi kwenye bakteria, nikaotesha sahani, nikachagua koloni, nikapeleka DNA yake kusomwa nje ya nchi. Majibu yaliporudi yalikuwa ya aina tatu. Ya kwanza ilifanana na ya kwenye kompyuta, isipokuwa herufi kadhaa. Ya pili ilikuwa na tofauti nyingi na ilipungukiwa na kipande kidogo katikati. Hizo zilieleweka, ni nakala mbili za mmea mmoja. Ya tatu ilianza kama ya kwanza ikamalizia kama ya pili. Huyo ni mwana haramu wa PCR. Kimeng'enya kilianza kunakili nakala moja, kikaachia njiani, mzunguko uliofuata kile kipande kikashika nakala nyingine na kuendelea. Swichi hiyo ya tatu haipo kwenye mmea wowote duniani, imezaliwa ndani ya mashine yangu. Anayesoma koloni moja tu akaridhika anaweza kuichapisha bila kujua.

Na bado hapo nimezungumzia koloni zilizosomeka. Promota za mimea zimejaa herufi A na T, na mara nyingi zinafuatana zenyewe kwa zenyewe, T kumi na tano, T ishirini. Kimeng'enya cha kusoma kikifika hapo kinateleza. Mawimbi kwenye kompyuta yanakuja yamesimama vizuri, kila rangi na kilele chake, halafu baada ya zile T yanaingiliana na kuwa matope hadi mwisho. Unaagiza prima nyingine ili usome kutoka upande wa pili. Nazo zinachukua wiki kadhaa kufika.

Kuhusu mizigo. Prima zinakuja zimekaushwa, zinastahimili. Vimeng'enya havistahimili. Vinatakiwa viwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, vinasafirishwa na barafu kavu, na barafu kavu inapotea hewani yenyewe. Mzigo ukifika uwanja wa ndege siku ya Ijumaa na karatasi moja ina jina la kemikali lililoandikwa tofauti na karatasi nyingine, umelala hapo hadi Jumatatu. Jumatatu unafungua boksi la maboya na ndani kuna unyevu na vichupa vya uvuguvugu. Huwezi kujua kama kimeng'enya kimekufa hadi ukitumie, na ukikitumia kikashindwa huwezi kujua kama ni chenyewe au ni DNA yako. Muuzaji anasema kiliondoka kwake kikiwa kizima. Yuko sahihi.

Umeme nao una yake. Bakteria tunaowatayarisha wapokee plasmidi wanakaa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Wakiyeyuka kidogo na kuganda tena hawafi wote, na hiyo ndiyo mbaya. Wangekufa wote ungejua. Wanabaki wachache, dhaifu, na ukiwapa plasmidi yako, ukawapiga joto la nyuzi 42 kwa sekunde chache kama inavyotakiwa, asubuhi sahani ina koloni tatu badala ya mia. Unazichukua hizo tatu kwa matumaini. Ndani hazina kitu. Maabara moja ninayoifahamu ina jenereta kubwa nzuri, ilizinduliwa kwa utepe, lakini mwenye ufunguo wa chumba chake hafanyi kazi Jumapili.

Tuseme yote yamekwenda sawa: una swichi, umeisoma, unajua ni ya nakala ipi. Bado hujui kama inawasha. Lazima uifunge mbele ya jeni unayoweza kuiona ikifanya kazi. Inayotumika sana ni GUS, iliyotoka kwa bakteria E. coli na ambayo Richard Jefferson aliileta kwenye mimea mwaka 1987. Mahali ilipowaka, ukiloweka tishu kwenye dawa yake usiku kucha kwa nyuzi 37, panageuka bluu. Kisha unaitoa rangi ya kijani kwa ethanoli, unabadilisha ethanoli mara kadhaa, hadi jani linabaki jeupe na bluu inajitenga.

Njia ya haraka ni kumpa plasmidi bakteria wa Agrobacterium na kumsukumia ndani ya jani la tumbaku pori kwa sindano isiyo na ncha. Baada ya siku tatu unapata jibu. Ila jibu la nini? Agrobacterium mwenyewe anaweza kuitengeneza GUS na kukupa bluu ya uongo, ndiyo maana tunatumia GUS iliyopachikwa kipande ambacho mmea tu ndio unaweza kukiondoa. Jani ulilolitoboa ni jani lenye jeraha, na swichi nyingi huitikia jeraha. Kubwa kuliko yote, tumbaku haina mzizi wa kuhifadhi wanga. Natafuta swichi ya kuwaka kwenye kiazi cha muhogo, nami naijaribu kwenye jani la mmea usio na kiazi. Likitoka bluu nimejifunza kidogo. Lisipotoka, nimejifunza kidogo vilevile.

Mahali swichi inapowaka ndipo mambo yote yalipo. Mfano ninaowapa wanafunzi ni wa sumu ya muhogo. Mwaka 2000 watafiti wa Copenhagen walichapisha jeni mbili, CYP79D1 na CYP79D2, zinazoanzisha utengenezaji wa linamarini, ile kemikali inayotoa sianidi. Si jambo dogo kwetu. Mwaka 1985 huko Tarime, wakati wa ukame, watu wengi walipooza miguu kwa konzo baada ya kula muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa muda wa kutosha. Sasa, sumu iko kwenye mzizi, mtu yeyote mwenye akili timamu angesema zima jeni hizo kwenye mzizi. Dimuth Siritunga na Richard Sayre, Marekani, walijaribu kote kuwili na kuchapisha mwaka 2003. Walipotumia swichi ya mizizi, iliyotoka kwenye kiazi mviringo, linamarini ya mizizi haikupungua. Walipotumia swichi ya majani, ile ya mizizi ilipungua kwa asilimia 99. Linamarini inatengenezwa zaidi kwenye majani na kuteremka chini. Jeni zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni swichi tu.

Na hata hapo mmea ulidai chake: mimea iliyopungukiwa linamarini kiasi hicho haikukua vizuri kwenye chupa za maabara bila kuongezewa amonia. Inaonekana mzizi unaitumia kemikali hiyo kupata nitrojeni. Ukigusa hapa, pale panatikisika.

Kwa nini basi hatuna hazina ya swichi za muhogo wenyewe, zilizopimwa, za jani, za mzizi, za ganda? Zipo chache. Mwaka 2003 kikundi cha Zurich kilichapisha mbili, zinazofanya kazi kwenye mishipa na kwenye mizizi inayonenepa. Lakini ukifungua plasmidi nyingi zinazotumika, utakuta swichi ile ya 35S, iliyotoka kwa virusi vya koliflawa na kuchambuliwa kwa kina mwaka 1985, au ya virusi vya mishipa ya muhogo. Zinawasha kwa nguvu, karibu kila mahali, muda wote. Zinapatikana, zinajulikana, hazimpotezei mwanafunzi miaka yake. Nami ningekuwa na shahada ya kumaliza ningezitumia. Nani atamlipa mtu miaka mitatu ili aseme kwamba kipande hiki cha herufi 1,400 kinawaka kwenye ganda la mzizi kuanzia mwezi wa nne?

Maana kuipima swichi kwenye muhogo wenyewe ni safari. Unachukua vichipukizi, unavilazimisha vitengeneze viinitete, unavigeuza kuwa kalasi, bonge la seli laini la njano, unaipa Agrobacterium, unaichuja kwa dawa, unasubiri iote tena kuwa mche. Miezi na miezi. Mbegu zinazokubali ni chache. Ile tunayoizoea maabarani, 60444, mkulima wa hapa hajui hata inafananaje. Kisha unaupanda, unasubiri mizizi inenepe, na kwa mmea uliobadilishwa jeni unahitaji vibali kwanza. Ukungu ukiingia kwenye chupa mwezi wa saba, umerudi mwezi wa kwanza.

Tena njia hiyo inaubadilisha mmea. Jambo hili halisemwi vya kutosha nje ya maabara. Kuna mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi, TME3 ikiwa mojawapo, ambayo ugonjwa wa batobato hauiwezi. Kinga yake iliitwa CMD2. Watu wakachukua mihogo ya jamii hiyo ili kuiongezea kinga ya ugonjwa wa pili, michirizi kahawia. Mwaka 2016 ikachapishwa kwamba miche iliyopitia kalasi ilikuwa imepoteza kinga ya batobato, hata ile ambayo haikuwekewa jeni yoyote. Kupita tu kwenye chupa kulitosha. Miche iliyozalishwa kwa ncha za chipukizi ilibaki na kinga yake. Mwaka 2022 ndipo kikundi cha watafiti kikaonyesha kwamba kinga hiyo inaambatana na mabadiliko ya herufi moja moja kwenye jeni ya kimeng'enya kinachonakili DNA ya mmea. Wengi tulitarajia jeni ya ulinzi, kumbe ni mnakili. Kwa hiyo nikikuambia nimeipima swichi kwenye muhogo uliopitia kalasi, una haki ya kuniuliza muhogo huo ulibaki kuwa ule ule kwa kiasi gani.

Mgeni mmoja, kijana mwerevu wa shirika la ufadhili, aliniambia mambo haya yatapitwa na wakati kwa sababu sasa tunahariri jeni kwa CRISPR. Nikamwambia kimeng'enya cha kukata nacho kinahitaji swichi ya kukiwasha ndani ya mmea, na mmea huo lazima upitie kalasi ileile. Mwaka 2019 wenzetu walizima kwa njia hiyo jeni mbili ambazo virusi vya michirizi kahawia huzitegemea, nCBP-1 na nCBP-2. Ugonjwa ulipungua makali, haukuisha. Ni kazi nzuri sana. Lakini hivyo ndivyo kazi nzuri inavyofanana: kupungua makali.

Michirizi kahawia ndiyo inayonitoa maabarani. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na H. H. Storey mwaka 1936, kutoka kituo cha Amani kule Usambara, na hapo hapo Amani wakaanza kuuzalisha muhogo na mti wa mpira wa jamii yake ili kupata kinga. Damu ya kazi ile bado iko mashambani: muhogo ambao Pwani ya Kenya wanauita Kaleso ndio huo huo Namikonga wa kwetu. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyozalisha Namikonga na Albert, unaougua sana, na kuonyesha maeneo ya kromosomu yanayobeba kinga. Maeneo, narudia. Eneo moja la namna hiyo linaweza kuwa na mamia ya jeni, na kila jeni na swichi yake, na kila swichi na nakala mbili.

Mkuranga kuna mzee ambaye tunachukua sampuli kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwaka huu mmeleta dawa?"

"Bado mzee. Tumekuja kwa majani na mizizi kidogo."

"Majani si mlichukua mwaka jana."

Hakusema kwa ubaya. Alitutangulia shambani, akashika shina lililosimama vizuri, majani yamejaa, huna neno nalo kwa kuliangalia. Akaling'oa. Mizizi ilikuwa minene. Akaupasua mmoja kwa panga, ndani ukawa na madoa ya kahawia, makavu, magumu. Akaupasua wa pili, vilevile. Wa tatu ulikuwa mweupe kabisa, umeshikana na hiyo miwili kwenye shina moja. Mke wake akauchukua huo wa tatu akaenda nao jikoni, kabla sijauomba. Huo ndio niliokuwa nautaka: kwa nini jeni zilezile, kwenye mmea mmoja, mzizi huu umeoza na huu haukuoza? Sikumkimbilia mama wa watu kumnyang'anya chakula chake. Tukang'oa shina jingine.

Kwa sasa nakala zote mbili za ile promota ya Kiroba ziko kwenye friza, vichupa vyake vimeandikwa kwa penseli kwa kuwa wino wa kalamu unafutika na ethanoli. Tumeziunganisha na GUS. Nakala ndefu imetoa bluu kwenye tumbaku, fupi haijatoa, na siwezi kukuambia maana yake hadi ziingie kwenye muhogo. Kimeng'enya kimetoka forodhani Jumanne, bado kina baridi. Kalasi ya 60444 inahitaji miezi minne zaidi kabla ya kuipa bakteria. Fedha za mradi zinaishia Juni.